Samaki Huyu Alilala Wapi?

Kwetu Dodoma mtoto hufundishwa mapema kwamba mgeni hakagui chakula. Ukiletewa, unanawa mikono na kula. Hiyo ni adabu njema. Lakini chakula cha kununua kina adabu yake pia.

Mwaka juzi nilimpeleka mama Bagamoyo kwa shemeji yangu, ambaye ni mvuvi. Jioni shemeji alitupeleka kula samaki katika hoteli ndogo ya makuti, hatua chache kutoka baharini. Bei ziliandikwa ubaoni kwa chaki. Nilimsomea mama zote. Mama akachagua jodari.

Mwuzaji alikwenda kumchukua jodari katika beseni lililokuwa mezani. Shemeji akamwuliza, "Ndugu, samaki huyu alilala wapi?"

"Aliletwa asubuhi," mwuzaji akajibu.

"Amekaa katika barafu?"

Mwuzaji akanyamaza. Shemeji akaomba tupewe changu aliyekuwa katika sanduku la barafu.

Mama aliona haya. Akanong'ona, "Mwanangu, hatumwaibishi mwenye chakula?"

"Hapana, mama," shemeji akasema. "Kama tungekuwa wageni nyumbani kwake, tungepokea alichotupa. Hapa tunanunua. Tena wewe ni mtu mzima. Sitaki uugue mikononi mwangu."

Kisha alitueleza sababu. Jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto bila barafu, huingia sumu mwilini mwao. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa wala kwa kukaangwa. Mtu akiila, uso huweza kuwa mwekundu, kichwa kikauma, mwili ukawasha na moyo ukaenda mbio. Wengine huhara na kutapika. Mara nyingi dalili huanza muda mfupi tu baada ya kula. Mtu akipata shida ya kupumua, apelekwe hospitali upesi.

Shemeji alituonyesha changu kabla hajakaangwa. Macho yake yaling'aa. Ndani ya mashavu palikuwa pekundu. Alipobonyezwa kwa kidole, nyama ilirudi mahali pake. Alinukia bahari. Hizo ni dalili nzuri. Lakini jodari mwenye sumu huweza kuonekana mzuri, wala asinuke. Ndiyo maana ni lazima kuuliza habari ya barafu.

Changu aliletwa pamoja na ugali, kachumbari na ndimu. Mama alimla mpaka akabaki mifupa mitupu, huku akitazama mashua zikirudi. Mwuzaji naye hakukasirika. Alipokea fedha zake na kutukaribisha tena.

Ndugu msomaji, samaki wa baharini huletwa hata bara, mbali sana na pwani. Wengine husafiri siku nzima. Ukiwakuta sokoni au hotelini, usione haya kuuliza walivuliwa lini na walihifadhiwa vipi. Mwuzaji mwema atakujibu. Akishindwa kujibu, nunua maharage.