Kiti cha Saa Tano Usiku

Ndugu zangu wa Kasulu na Kibondo,

  

Binamu yangu wa Makere amenitumia kwa WhatsApp kipande cha video cha Trevor Noah, akauliza: "Huyu Msauzi ni nani hasa, na Wamarekani walikubalije kumpa kiti kile?" Si yeye peke yake. Vipande vya Noah bado vinazunguka kwenye simu za watu ingawa mwenyewe aliondoka kitambo, na kila anayenitumia ana swali la namna hiyohiyo. Nimeona nijibu hapa ili tusome wote, maana jambo lenyewe linatuhusu sisi Waha, watu wa Buha, kuliko linavyoonekana.

Huku Marekani kuna desturi. Usiku, taarifa ya habari ikishapita, mchekeshaji aliyevaa suti huketi nyuma ya meza akaanza kuyachambua mambo ya siku: rais kasema nini, bunge limekwama wapi, tajiri gani kakamatwa. Watu wakishacheka anaingia mgeni, awe waziri, mwanamuziki au mwandishi wa vitabu, wakazungumza. Kipindi alichoendesha Noah kinaitwa The Daily Show, na kilikuwa kikirushwa saa tano usiku kwa saa za New York. Kwa miezi mingi ya mwaka hiyo kwenu ni saa kumi na mbili asubuhi, watu wanatoka na majembe kwenda kwenye maharage. Kilianza mwaka 1996 katika kituo cha Comedy Central, na tangu 1999 kilikuwa mikononi mwa Jon Stewart, hadi Agosti 6, 2015. Kuna Wamarekani waliokua wakiamini kwamba habari haijawa habari mpaka Stewart aiseme.

Machi 30, 2015 kituo kikatangaza mrithi: kijana wa miaka 31 kutoka Johannesburg, ambaye alikuwa ameonekana kwenye kipindi hicho mara tatu tu. Mama yake ni Mxhosa, baba yake Mswisi, na alizaliwa mwaka 1984, wakati sheria za ubaguzi zilikuwa zikiwakataza watu wa aina hizo mbili kuzaa pamoja. Kwao hakuwa mgeni wa kazi hii. Mwaka 2010 na 2011 alikuwa na kipindi chake cha usiku kwenye televisheni ya Afrika Kusini. Lakini Wamarekani wengi hawakumjua, na wino wa tangazo haukuwa umekauka watu walipofukua vichekesho vyake vya zamani vya mtandaoni, vya kuwadhihaki wanawake na Wayahudi. Vilikuwa vibaya, wala simtetei. Kituo kikasimama naye.

Usiku wake wa kwanza, Septemba 28, 2015, niliutazama kwa jirani zangu, familia ya Wakongo waliokuja huku kutoka kambi ya Nyarugusu. Sebule ilijaa, watoto wamekaa chini kwenye zulia, ugali wa muhogo umeshaliwa. Noah akaanza kwa kusema kwamba alipokuwa akikua katika mitaa ya vumbi ya Afrika Kusini hakuwahi kuota kupata vitu viwili: choo cha ndani ya nyumba na kazi ya kuendesha kipindi kile. Sasa anavyo vyote, akasema, na kimoja kati ya hivyo ameshakizoea. Ukumbi wa New York ukaangua kicheko. Pale sebuleni tulicheka kwa namna nyingine, kicheko cha watu wanaokijua choo cha shimo cha kambini usiku wa mvua, tochi mkononi na mtoto mgongoni. Kisha akasema kwamba Stewart alikuwa kama baba wa watazamaji wale, baba ameondoka, na sasa familia imeletewa baba wa kambo, tena mweusi. Mama mwenye nyumba akapiga makofi, akasema kwa Kiswahili chake cha Kivu, "Uyu ni wa kwetu."

Nadhani neno hilo la baba wa kambo ndilo lililomwokoa Noah. Baba wa kambo mwenye akili haingii nyumbani akajifanya ndiye aliyewazaa watoto. Watazamaji wengi wa Stewart waliondoka miezi ile ya mwanzo, na wachambuzi walimlaumu kwamba hana hasira ya mtangulizi wake. Hasira ile ilikuwa ya Stewart, imetokana na maisha ya Stewart. Noah alikuja na macho ya mtu aliyelelewa pengine.

Hilo lilionekana mapema. Mwanzoni mwa Oktoba mwaka huohuo, Donald Trump akiwa bado anasaka tiketi ya chama chake, Noah aliweka maneno ya Trump bega kwa bega na maneno ya Jacob Zuma, Idi Amin, Gaddafi, Mugabe na Yahya Jammeh. Kujisifu ni kulekule, ahadi ni zilezile. Wamarekani walikuwa wakidhani wanakabiliana na kitu ambacho dunia haijapata kukiona. Yeye akawaambia kwa tabasamu kwamba sisi Waafrika tunamjua mtu wa aina hiyo tangu zamani. Jirani yangu, aliyezaliwa Zaire ya Mobutu, alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Lakini jambo ninalotaka mlitazame kwa makini ni la Julai 2018. Ufaransa ilikuwa imechukua Kombe la Dunia kwa kikosi kilichojaa vijana wenye asili ya Afrika, na Noah akatania kwamba Afrika ndiyo iliyoshinda. Balozi wa Ufaransa nchini Marekani, Gérard Araud, akamwandikia barua rasmi ya kulalamika: vijana hawa ni Wafaransa, kuwaita Waafrika ni kuwanyima Ufaransa wao. Noah akaisoma barua ile mbele ya watu, wakati wa mapumziko ya kipindi, amesimama na karatasi mkononi, akiiga lafudhi ya Kifaransa. Kisha akaijibu hoja kwa hoja. Kwa nini mtu asiwe vyote viwili? Kwa nini mhamiaji akikosea au akikosa kazi huitwa Mwafrika, na mtoto wake akifunga bao anakuwa Mfaransa? Akamtaja Mamoudou Gassama, yule kijana wa Mali aliyepanda ghorofa kwa mikono mitupu jijini Paris mwezi Mei mwaka ule kumwokoa mtoto aliyekuwa akining'inia, akapewa uraia.

Nimeitazama video ile tena na tena. Najua kuna Wafaransa weusi waliomwelewa balozi, na sababu zao zipo. Kinachonishika ni mpangilio wenyewe: balozi wa taifa kubwa ameandika, na mtoto wa mwanamke wa Soweto ana mahali pa kusimama akamjibu, siku hiyohiyo anasikika dunia nzima. Kiti kile humpa mtu haki ya kujibu. Ndiyo maana naandika barua hii.

Sisi watu wa Kasulu na Kibondo tunasemwa tangu lini? Lugha yetu na ya Warundi zinasikilizana, mpaka wa Manyovu uko palepale, shangazi wa mtu yuko ng'ambo na shamba la babu liko huku. Kwa hiyo tunashukiwa kuwa Warundi, na mtu wetu akipanda basi kwenda Dar es Salaam anaweka kitambulisho mfuko wa mbele. Mimi mwenyewe niliwahi kushushwa kwenye basi katika kizuizi kimoja, nikaambiwa nihesabu kwa Kiswahili na nitaje jina la mwenyekiti wa kijiji cha bibi yangu, mbele ya abiria wote. Nilihesabu. Niliporudi kwenye kiti changu, kijana mmoja nyuma aliiga lafudhi yangu, basi zima likacheka. Mjini Mha ni kichekesho kilichokwisha kuandaliwa: ulimi wake, makofi yake anaposalimia wakubwa, mwisho wa reli anakotoka.

Na mwaka uleule wa 2015, Noah akijiandaa kukaa kwenye meza yake, Warundi walikuwa wakivuka kwa maelfu kuikimbia vurugu ya kwao. Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, ikafurika. Oktoba kambi ya Nduta kule Kibondo ikafunguliwa upya. Dunia nzima ilituzungumzia mwaka ule, ikahesabu mahema yetu na ndoo zetu za maji. Sikumbuki kuona mtu wa Kibondo amekaa mahali akaulizwa yeye anaonaje, seuze akauliza yeye.

Vipaji tunavyo Tanzania, hilo halina ubishi. Mnaikumbuka Ze Comedy, akina Joti, Masanja, Mpoki na Wakuvanga, namna mtaa ulivyokuwa ukinyamaza wakiwa hewani, na namna walivyowaiga viongozi mpaka viongozi wenyewe wakacheka. Mnamkumbuka Idris Sultan: Desemba 2014, mwezi uleule Noah alipoonekana The Daily Show kwa mara ya kwanza, Idris alishinda Big Brother Africa. Vijana wawili, mwezi mmoja. Mwezi Mei 2020 Noah alikuwa akirekodi kipindi chake kutoka nyumbani kwake New York kwa sababu ya korona, akimsema rais wa Marekani kila usiku. Mwezi huohuo Idris alikamatwa Dar es Salaam baada ya kusambaza video akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli, na mashtaka yaliyofuata yakahusu laini ya simu. Huwa naumia nikiwaweka wawili hawa pamoja, kwa sababu kipaji cha Idris hakikuwa na upungufu wowote.

Wala msidhani huku kiti kimefungwa kwa misumari. Julai 2025 kituo cha CBS kilitangaza kwamba kipindi cha usiku cha Stephen Colbert kitamalizwa Mei 2026, kikisema sababu ni fedha, na wengi hawakuamini. Septemba mwaka huo mchekeshaji mwenzake wa usiku, Jimmy Kimmel, alisimamishwa na ABC baada ya mkuu wa mamlaka ya mawasiliano kutoa vitisho hadharani. Watu wakapiga kelele, wakasitisha malipo ya huduma za kampuni mama ya ABC, na chini ya wiki moja Kimmel akarudi. Kiti kinalindwa na wanaokitazama.

Noah aliondoka mwenyewe Desemba 8, 2022. Usiku wake wa mwisho aliwashukuru wanawake weusi, mama yake na bibi yake kwanza. Baada yake kituo kilihangaika mwaka mzima na wageni wa kupokezana, mpaka Februari 2024 Stewart akarudi, tena kwa Jumatatu tu. Januari ya mwaka huo kipindi cha Noah kilikuwa kimepata tuzo ya Emmy ya kipindi bora cha mazungumzo.

Sasa, binamu, umeuliza walikubalije. Hakuna aliyeamka siku moja akampenda. Noah aliwakuta waandishi wengi wa Stewart, akafanya kazi nao. Kipindi kama kile kina chumba cha watu wanaosoma habari tangu asubuhi, wakitafuta wapi mkubwa amejipinga mwenyewe. Hapo ndipo mnapoweza kuanza. Hamhitaji New York. Radio Kwizera ilianza Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi, na wenyeji wa Kibondo wakaifanya yao. Kijana mmoja wa kusoma makabrasha ya baraza la madiwani, mmoja anayejua gunia la maharage limenunuliwa shilingi ngapi Kasulu na kuuzwa shilingi ngapi Dar, na mmoja mwenye ulimi, Kiswahili chake kikiwa na Kiha ndani yake bila kukificha. Meza, maikrofoni, saa moja kwa wiki. Mimi na wenzangu wa huku tutachangia vifaa, na hilo nimekwisha kulizungumza nao.

Mgeni wa kwanza ningemtaka awe mmoja wa wakubwa wanaoamua ni nani ashushwe kwenye basi. Akaribishwe vizuri, apewe chai, ataniwe kidogo. Kisha aombwe, mbele ya wasikilizaji wote, atutajie jina la mwenyekiti wa kijiji cha bibi yake.



Ndugu yenu,
Dayton, Ohio