Kulirudisha Gari la Rafiki Katika Asili Yake

Ndugu msomaji, wako watu wanaoamini kwamba gari la zamani ni mzigo kwa mwenyewe na kero kwa jirani, na kwamba mahali pake ni nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, kuku watagie humo hadi lioze. Siwalaumu. Lakini ikiwa kwenu kuna chombo cha namna hiyo, hasa kilichoachwa na mzazi, nakuomba unisikilize kidogo kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Mimi ni fundi wa magari hapa Ifakara kwa miaka mingi, na kazi ninayotaka kukueleza ni ya Landrova moja ya mwaka 1966, niliyoitengeneza kwa ajili ya rafiki yangu. Kazi hiyo ilinionyesha kwamba kurudisha kitu katika asili yake kuna ugumu ambao hauondolewi na spana peke yake.

Kwanza yafaa ieleweke kwa nini Landrova ilipata heshima katika bonde hili. Sisi tumekaa baina ya milima ya Udzungwa upande mmoja na milima ya Mahenge upande wa pili, na katikati yetu umelala mto Kilombero. Masika yakikolea, mto hufurika, mashamba ya mpunga yakawa ziwa, na udongo wetu mweusi ukamshika mtu miguu kama gundi. Kabla ya daraja lenye urefu wa mita 384 kufunguliwa mwaka 2018, aliyetaka kwenda Lupiro, Mahenge au Malinyi hakuwa na budi kutegemea kivuko. Na kabla ya kukifikia kivuko, na baada ya kukivuka, alingojewa na tope. Katika hali hiyo gari lenye kusukumwa na magurudumu yote manne ndilo lililokuwa basi, lori na gari la wagonjwa.

Landrova ninayoizungumzia ilinunuliwa na baba yake rafiki yangu mwaka 1978, kwenye mnada, ikiwa tayari imetumika miaka kumi na miwili. Mzee yule aliishi ng'ambo ya mto. Aliitumia kuleta magunia ya mpunga sokoni Ifakara, pamoja na matenga ya kambale na kitoga waliokaushwa. Kadhalika ilichukua waombolezaji, maharusi, na wagonjwa waliokimbizwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mimi na rafiki yangu tulikuwa vijana wakati huo, na mzee alitufanya utingo wake. Tulikata matawi ya kutandika chini ya magurudumu, tukasukuma, tukalala njiani. Udugu wetu ulianzia nyuma ya gari lile. Mzee alipofariki, injini nayo ikakwama, na gari likaegeshwa kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mwezi Oktoba 2024 Landrova kwa mamia zilikusanyika Arusha, mpya kwa kuukuu, zikaandamana barabarani. Rafiki yangu alizitazama kwenye televisheni, na baada ya siku chache akaja gereji kwangu. Aliniambia, "Ndugu yangu, nataka uirudishe iwe kama siku ile baba alipoileta." Nilidhani ni tamaa ya siku moja. Ndipo akanieleza kwamba ana presha ya macho, na kwamba daktari amemwambia ukweli: dawa itasaidia kuhifadhi nuru iliyobaki, lakini iliyokwisha potea hairudi. Alitaka kuiona ile gari ingali machoni pake.

Mbele ya fundi yeyote wa Tanzania, kazi kama hiyo ina njia mbili. Njia ya kwanza, ambayo ndiyo ya wengi, ni kuondoa injini ya zamani na kufunga injini ya dizeli ya Kijapani. Gari litatembea, mafuta yatapungua, na vipuri vyake hupatikana hata katika miji midogo. Nimekwisha wafanyia hivyo wateja wengi na wala si kosa, maana gari ni la kumfaa mtu. Njia ya pili ni kurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani: injini ileile, nyaya zilezile, hata aina ya skrubu. Njia hii ni ndefu, na haimwahidi mtu faida yoyote ya fedha. Nilimweleza rafiki yangu zote mbili bila kumficha neno. Akachagua ya pili.

Hapo tukanunua daftari. Msomaji, ukiombwa na rafiki kazi kubwa, usiseme "tutaelewana". Mali bila daftari hupotea bila habari, na urafiki vilevile. Tuliandika kwamba ufundi wangu ni sadaka yangu kwa marehemu mzee, lakini kila kipuri, kila lita ya mafuta ya taa ya kusafishia na kila nauli italipwa na mwenye gari, naye atatia sahihi kila mwisho wa wiki. Kwa miezi kumi na mmoja ya kazi, hatukupata hata siku moja ya kutazamana kwa mashaka.

Sasa nikupeleke chini ya gari. Landrova ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 mjini Amsterdam, ikiwa imetengenezwa Solihull, Uingereza. Wakati huo, baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma cha bati kilikuwa haba, hivyo waundaji wakaivisha mwili wa aluminiamu. Ndiyo sababu Landrova nyingi kuukuu huonekana nzima kwa nje ilhali zimekufa kwa ndani. Aluminiamu haishiki kutu ya kahawia kama chuma, lakini chesisi iliyo chini yake ni ya chuma, nayo ina uwazi kama bomba. Tope la Kilombero huingia humo, likakauka, likalowa tena, na kuila chesisi kuanzia ndani. Na pale chuma na aluminiamu vinapogusana penye maji, aluminiamu yenyewe huliwa, ikageuka unga mweupe.

Tulipoinua bodi, bisibisi ilipenya chesisi katika sehemu saba. Boriti ya nyuma ilibomoka mkononi. Sikuziba kwa viraka vya juu juu. Nilikata hadi nikafikia chuma kizima, nikachomelea vipande vipya vyenye unene uleule, nikavipaka dawa ya kuzuia kutu ndani na nje. Sakafu ya miguuni kwa dereva, ambayo nayo ni ya chuma, niliifanya upya kwa kufuata mabaki ya ile ya zamani kama mshonaji afuatavyo nguo iliyochakaa.

Injini yake ni ya petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 2,286. Pistoni zilikuwa zimeganda. Nilizilowesha kwa mafuta kwa muda wa wiki mbili, nikizigonga kwa kipande cha mti kila asubuhi, mpaka zikalegea bila kuvunja kitu. Silinda zikapelekwa Morogoro kuchongwa, nasi tukatafuta pistoni za kipimo kilichofuata. Duka moja la Dar es Salaam lilituuzia beringi ndani ya maboksi yenye jina zuri; nilipozipima nikaona ni za bandia, tukazirudisha, na wiki tatu zikapotea. Rafiki yangu hakulalamika. Lakini nilimwona akisogeza daftari karibu zaidi na uso kuliko mwezi uliotangulia.

Umeme wa gari hilo ulinichekesha. Katika magari ya siku hizi waya wa hasi wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi. Katika Landrova za miaka ile ilikuwa kinyume: waya wa chanya ndio uliofungwa bodini, na dainamo ikapangwa kwa utaratibu huo. Fundi mmoja wa zamani alikuwa amekwisha uvuruga, ndiyo maana taa zilikuwa hazitulii. Niliurudisha wa asili. Taa kubwa nazo tukaziacha katikati, ubavuni mwa rejeta, maana kuzihamishia kwenye mabawa ya mbele kulianza miaka michache baadaye. Giaboksi haikubadilishwa. Gia ya kwanza na ya pili hazina kifaa cha kulinganisha mizunguko, hivyo anayeshuka kutoka ya tatu hadi ya pili hana budi kukanyaga klachi mara mbili na kusikiliza. Vijana wangu wawili wa gereji, waliozoea magari ya otomatiki, walijifunza hapo kwamba gari husikilizwa.

Rangi ilikuwa kijani kibichi cha kukolea, na paa la rangi ya chokaa. Tulipata ile kijani halisi chini ya kibao cha ndani ambako jua halikufika, na mchanganya rangi akailinganisha nayo. Siku tulipolipaka, rafiki yangu alikaa juani kutwa nzima akilitazama.

Basi nilidhani kazi imekwisha, kumbe lililokuwa gumu lilikuwa bado. Nyuma ya gari kulikuwa na benchi la mbao za mninga, refu kadiri ya mtu mzima kujinyoosha. Kiwandani halikuwako. Mzee alilitengenezesha kwa seremala mwaka 1981. Kwa kuwa neno letu lilikuwa asili, nililing'oa nikaliegemeza ukutani, na rafiki yangu akakubali.

Mke wake, ambaye mimi humwita shemeji, alipofika kutuletea chakula akaliona pale ukutani. Hakupandisha sauti. Alisema, "Shemeji, ninyi mnairudisha ilivyotoka Uingereza. Mimi ya huko siijui. Naijua ilipofika kwetu." Kisha akatukumbusha masika ya mwaka 1987. Uchungu wa mtoto wao wa kwanza ulimshika usiku, mtoto amekaa vibaya. Mzee alimlaza juu ya benchi lile, mama mkwe akamshika mabega, na wakakesha tope kwa tope hadi kivukoni. Alifika hospitali kukipambazuka. Yeye na mtoto wakapona. "Wangapi wamelala hapo?" akauliza. "Na wako waliolala hapo wakarudi wamefunikwa. Leo mnaliita takataka?"

Mumewe alijibu kwamba hakuna aliyeliita takataka, lakini yeye anataka kuliona gari kama macho yake yalivyoliona siku ya kwanza, na kwamba siku zake za kuona zina hesabu. Nao wote wawili walikuwa na haki. Fundi unapofikia hapo, spana haikusaidii. Nilisema neno moja tu, nikimwambia rafiki yangu: "Aliyeileta gari hii ni baba, na aliyeweka benchi ni baba huyohuyo." Nikanyamaza, maana nyumba si yangu.

Kwa siku kumi hakuja gereji. Alipokuja aliongozwa na mwanawe yule aliyezaliwa mwaka 1987, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Aliliendea benchi, akalipapasa kwa vidole kutoka upande mmoja hadi wa pili, akasimama penye tundu la msumari alioupigilia yeye mwenyewe tulipokuwa utingo. Akasema, "Lirudishwe." Nilisugua mbao kwa msasa mwepesi, nikazipaka mafuta, nikazifunga kwa bolti nne katika matundu yaleyale ya mzee, bila kutoboa jipya. Sehemu iliyong'arishwa na migongo ya watu sikuigusa.

Tuliliwasha kwa hendeli, si kwa betri, kwa kuwa ndivyo mzee alivyofanya asubuhi za baridi. Mzunguko wa nne likaitika. Tukavuka daraja kwenda Lupiro, mimi usukanini, rafiki yangu kando yangu, shemeji na wajukuu juu ya benchi. Pale darajani rafiki yangu alinitaka niende polepole. Alitazama chini, upande wa kivuko cha zamani, asiseme kitu. Maji aliyaona, mimi ni shahidi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ushauri wangu ni mfupi. Kabla hujaanza kutengeneza kitu cha mzazi, kaeni kikao cha nyumba, wake na waume, vijana na wazee, kila mmoja aseme anachokikumbuka juu ya kitu hicho. Kitabu cha kiwanda kitakupa vipimo vya injini na rangi ya paa, nawe uvifuate kwa uaminifu. Lakini yako mambo ambayo kiwanda hakikuyaandika kwa sababu hayakutokea huko. Yalitokea Lupiro, Kiberege au Mlimba, njiani, usiku wa mvua. Hayo nayo ni sehemu ya asili ya kitu, na aghalabu anayeyajua ni mama wa nyumba, ambaye hakuna aliyefikiri kumwuliza. Mwulizeni mapema, kabla fundi hajang'oa bolti ya kwanza.