Tak! Moja Tu

Wengi mmenitumia ujumbe mkiuliza ni kwa nini Ijumaa ile nilionekana gereji nikiwa na grisi hadi viwikoni, na kama ni kweli pasta wenu amenunua gari la milango miwili. Sijanunua. Gari ni la kijana wetu wa vyombo vya sauti, na mnalijua vizuri kwa sababu mmelisema vya kutosha.

Ni gari la michezo la Kijapani, limetumika huko kwao kabla ya kuletwa Mombasa kwa meli. Viti viwili, na nguvu zote za injini zinakwenda magurudumu ya nyuma. Kijana aliweka akiba miaka minne. Mama yake alipoliona alilia, na hayakuwa machozi ya furaha. Baadhi yenu mliniambia nimwite nimkanye. Sikumwita. Nilimwambia gari ni zuri, nikaendelea na shughuli zangu.

Jumapili ya kwanza alipokuja nalo, baada ya ibada, alirudi rivasi kutoka pale chini ya mti tunapoegesha, akasimama, akaweka gia ya kwanza, akaondoka. Kati ya kurudi nyuma na kwenda mbele nikasikia: tak! Mara moja tu. Mlio mkavu, kama mtu amevunja kijiti. Kisha gari likaenda zake likinguruma.

Sasa, wengine hamjui kwamba kabla sijaingia kwenye utumishi nilikuwa msaidizi wa fundi kwenye gereji ya jua kali hapa Nakuru, miaka sita. Sikio la fundi halistaafu. Niliusikia mlio huo Jumapili hiyo, nikausikia iliyofuata, nikausikia na ya tatu. Sikusema neno. Nilijiambia kwamba watu wameshamchambua huyu kijana vya kutosha, nikimwambia gari lina kasoro ataona hata pasta amejiunga nao. Naandika hivi nikiwa na aibu.

Ikafika wiki ya Safari Rally. Mnajua wiki hiyo barabara ya Naivasha inavyokuwa, kila mwenye gari la kelele yuko hapo. Alhamisi jioni mama yake akanipigia. "Pasta, naomba maombi. Kesho anaenda Naivasha na dada yake, na hilo gari lake." Tukaomba kwenye simu. Tuliposema amina moyo wangu ukanisuta. Nimeomba ulinzi wa watoto wa watu barabarani, huku nimekalia jambo ninalolijua. Nikamwambia, "Mama, mwambie asiliwashe gari kabla hajaongea na mimi."

Saa moja asubuhi tulikuwa gereji, kijana, dada yake na mimi. Kumbe mlio alikuwa ameusikia. Fundi mmoja mjini alimwambia difu imekwisha, akamtajia bei ambayo ingemrudisha kwenye matatu mwaka mzima. Ndiyo maana alinyamaza. Alikuwa anaogopa kuuliza mara ya pili.

Niwaeleze mlio huu, maana una ndugu zake na wanachanganywa sana. Sivi jointi ikichakaa hulia tak-tak-tak mfululizo, mwendo wake unafuata gurudumu, na mara nyingi unaisikia gari likipinda kona. Beringi ya gurudumu ikifa hutoa mvumo, na mvumo huo unaongezeka kadiri unavyokimbia. Bushi za kushikilia difu zikioza utasikia mgongo mzito, du! Lakini huu wetu ni mmoja tu, mkavu, na unatokea pale nguvu inapogeuza upande: kutoka rivasi kwenda mbele, au unapoondoka baada ya kusimama. Ukigeuza tena, unalia tena mara moja.

Kwenye magari haya kuna shafti inayotoka kwenye difu kwenda kila gurudumu la nyuma. Ncha yake ina meno yanayoingia katikati ya habu, na nje kabisa inafungwa kwa nati moja kubwa. Nati hiyo inabana bega la shafti dhidi ya beringi ili vitu hivyo vikae kama kitu kimoja. Ikilegea hata kidogo, au nyuso hizo mbili zikiwa kavu, shafti ikijinyonga chini ya nguvu ya injini zinakwama kwanza, halafu zinateleza ghafla. Hapo ndipo unasikia tak. Wala si ajabu ya gari moja. Nissan waliwahi kuwapa mafundi wao maelekezo juu ya mlio wa aina hii nyuma ya gari lao la 350Z.

Kuna nati kavu ambayo ni kero tu, na kuna nati iliyolegea, ambayo ni hatari. Nati ikilegea, beringi haibanwi inavyotakiwa, inaanza kucheza, inapata joto, inakufa. Ukiendelea kuendesha, mwishowe gurudumu lenyewe halina mshikaji wa kuaminika.

Tuliweka vigingi mbele na nyuma ya magurudumu, tukapiga jeki, tukaegemeza gari kwenye stendi. Tukatoa gurudumu la kushoto. Nikamulika nati kwa tochi, na nikajua kabla sijaigusa. Nati za aina hii zina ukingo mwembamba unaogongwa kwa patasi uingie kwenye mfereji wa shafti ili isijifungue. Ukingo wa nati hii ulikuwa na alama mbili za kugongwa, ya zamani na ya juzi, na hakuna hata moja iliyokaa kwenye mfereji. Mtu aliwahi kuifungua, akairudisha ile ile. Nikaweka soketi ya namba 32 na mpini mrefu, nikijiandaa kusukuma kwa mwili wote. Ikafunguka kwa mkono mmoja.

Dada yake akasema, "Ndiyo hiyo ilikuwa inatupeleka Naivasha?" Hakuna aliyemjibu.

Hapa niseme na nyinyi mafundi wetu, kwa upendo. Hapa mtu angeikaza tu akaondoka. Mlio ungepotea wiki mbili, ungerudi. Tuliisukuma shafti ndani kidogo, tukasafisha uso wa bega na uso wa beringi, na meno pia, mpaka chuma kikang'aa. Tukapaka grisi nyeusi yenye molibdenamu, kiasi chembamba tu. Tukaweka nati mpya. Nati ya kugongwa hairudiwi, bei yake haifiki hata ya chakula cha mchana cha watu watatu.

Halafu kukaza. Enzi zangu tulikuwa tunatumia bomba la mita moja na kusimama mwisho wake. Nikiwa na kilo 80, hiyo ni karibu nyutoni-mita 800. Nati za kufungia rimu kwenye magari mengi madogo zinahitaji kama 100, na hii ya shafti mara nyingi ni zaidi kidogo ya 200. Sijui nimeua beringi ngapi za watu nikidhani nawasaidia. Mashine ya hewa nayo haikwambii umefika wapi. Kipimo kiko kwenye kitabu cha gari lako, na kuna spana ya kupima nguvu, ile mafundi wanaiita toki. Na gari likiwa bado juu, maana beringi ya namna hii haitakiwi kubeba uzito kabla nati haijakazwa. Kwa hiyo dada yake akaingia ndani, akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, nami nikavuta spana polepole mpaka nayo ikafanya tak. Kijana akashtuka! Nikamwambia hiyo ndiyo tak tunayoitaka.

Tukagonga ukingo ukaingia kwenye mfereji barabara, nikapiga mstari mweupe wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye ncha ya shafti. Upande wa kulia tulifanya hivyo hivyo, ingawa wenyewe ulikuwa umekaza. Nikashika kila gurudumu juu na chini nikalitikisa. Halikucheza. Beringi ilikuwa imepona, ni neema tu.

Tulipolishusha akaenda mbele, rivasi, mbele, rivasi, mara kumi hivi kwenye uwanja wa gereji. Kimya. Alizima injini, akatoka, akaniuliza bila kunitazama, "Pasta, ulijua tangu lini?"

"Jumapili tatu."

Alinyamaza kwa muda, anafuta mikono kwa kitambaa. "Ungeniambia."

"Ningekuambia," nikasema. "Nisamehe, kijana wangu."

Walifika Naivasha saa nane mchana, vumbi la asubuhi wakalikosa.

Jumapili iliyopita alikuja na tochi yake mwenyewe, tukachuchumaa pamoja kando ya gurudumu. Mstari mweupe umenyooka vile vile, upande wa kushoto na wa kulia. Kama gari lako linasema tak moja ukiondoka, nitafute baada ya ibada, hata kama hatujazoeana. Nina soketi ya 32 kwenye buti.

Tulipoinuka mama yake alikuwa amesimama nyuma yetu na mkoba wake, akauliza kama anaweza kupewa lifti hadi nyumbani. Kiti cha abiria ni kimoja. Mzee akapanda boda.