Sinema ya Buigiri, Ndani ya Peugeot ya Mzee

Ijumaa moja jioni ya mwezi wa saba nilipanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam nikiwa na begi moja na kinyongo cha wiki mbili. Mume wangu kahamia Dodoma na wizara yake, mimi kazi yangu iko Dar. Ndoa ya wikiendi, mwenzangu! Tangu serikali ianze kuhamia kule kwa kasi mwaka 2016 tumekuwa wengi tu. Zamani ilikuwa siku nzima ndani ya basi. Tangu treni hii ifike Dodoma mwaka 2024 ni saa nne hivi, yaani unaanza kununa Pugu na unafika kabla hujamaliza.

Swali lililokuwa kati yetu lilikuwa moja: niache kazi nimfuate, au nisiache? Kila tukilianza linaishia kwenye ugomvi. Kwa hiyo Jumamosi sikulianza. Nilimwomba tu anipeleke Buigiri, kijijini kwa bibi yangu, ambako hajawahi kufika.

Buigiri iko wilaya ya Chamwino, kwenye barabara ya Morogoro. Mwezi wa saba mibuyu haina jani hata moja, uwele umeshavunwa, na pembeni mwa barabara wanauza ubuyu na karanga. Mchana jua kali, usiku baridi ya kutetemesha meno. Kama unakuja msimu huo beba sweta, usije ukasema hukuambiwa.

Sisi tulikuwa tukipelekwa huko kila likizo ya mwezi wa sita, miaka ya katikati ya 90. Televisheni Bara ndiyo kwanza imeanza, mwaka 1994, na kijijini hata umeme haukuwepo. Kilichokuwepo ni gari la sinema. Mchana linapita na spika juu ya paa likitangaza "Leo, leo, leo!" na sisi nyuma yake tukimeza vumbi. Jioni wanasimamisha nguzo mbili uwanjani, wanafunga kitambaa cheupe, na jenereta inawekwa mbali isimeze sauti. Kwanza tangazo la sabuni, kisha somo la UKIMWI, ndipo ngumi za Wachina. Mtu wa kipaza sauti anatafsiri anavyojua mwenyewe, Kiswahili na Kigogo humo humo, kabla sijamsikia Lufufu na kanda zake. Waliokosa nafasi mbele walikaa nyuma ya kitambaa. Picha waliiona, ila huko nyuma kila mpiganaji alikuwa wa mkono wa kushoto!

(Magari haya yana historia ndefu nchini. Mwaka 1935 Waingereza walianza kutengeneza filamu za mafunzo kule Vugiri, Korogwe, na lori lenye mitambo likazunguka Tanganyika na nchi jirani kuzionyesha.)

Kijiji kizima kilikaa chini, isipokuwa baba. Yeye alikuja na Peugeot 504 yake, akaigeuza pua ielekee kwenye kitambaa, akazima taa, akashusha kioo. Mama mbele na khanga mbili na chupa ya chai, wadogo zangu nyuma, mimi juu ya boneti. Watoto wenzangu walinicheka: baba yako anaogopa vumbi? Nilitamani ardhi inimeze.

Baadaye mama ndiye aliyenieleza. Walichumbiana Dar mwanzoni mwa miaka ya 80, na mahali pao palikuwa Drive-In ya Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966. Unaingia na gari lako, unachukua spika ndogo kwenye nguzo, unaitundika dirishani. Jumapili ilikuwa zaidi ya picha za Kihindi, familia zinakuja na vyakula vyao. Ila miaka ile mafuta yalikuwa ya shida, na Jumapili magari binafsi yalipigwa marufuku kuanzia saa nane mchana, hivyo wao walikwenda Jumamosi. Ukipita pale leo utaona Ubalozi wa Marekani, uliohamia mwaka 2003 baada ya ule wa zamani kulipuliwa Agosti 7, 1998.

Kitu ambacho mama hakunieleza, nilikijua mwenyewe. Baba alipohamishiwa Dodoma mama aliacha kazi yake ya ukarani akamfuata, na nyumbani kwetu kukawa kimya. "Mwambie baba yako chakula tayari." "Mwambie mama yako nimeshiba." Sisi watoto ndio tulikuwa simu. Lakini ndani ya ile Peugeot, nikiwa nimejifanya nimelala, nilimsikia baba akiuliza, "Unaikumbuka ile spika?" Kumbe usiku mmoja waliondoka Msasani na spika ingali dirishani, waya ukakatika. Mama alicheka mpaka chai ikamwagika.

Sasa uwanja umebaki nusu. Nusu nyingine ina nyumba na kibanda umiza cha kuonyesha mpira. Nilimwambia mume wangu ageuze gari lielekee ukuta wa kibanda. Akazima injini, akaniangalia.

"Tunaangalia nini?"

Nikamsimulia yote. Kwenye spika alicheka sana. Kwenye kazi ya mama alinyamaza, kisha akauliza, taratibu, kama mama aliwahi kujuta. Sikuwahi kumuuliza. Mzee alifariki mwaka 2011, na mama yupo Dar, mlango wa tatu kutoka kwangu. Nikapiga simu, nikaweka sauti ya wazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuna nini?"

Nikamuuliza hivyo hivyo, bila kuzunguka. Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Ile kazi niliililia mwaka mzima," alisema. "Baba yako hakuniuliza, alinitangazia. Hapo mko wapi?"

Nikamweleza: uwanjani, mbele ya kibanda umiza.

"Aah, siyo hapo. Yeye alikuwa anaegesha chini ya mkwaju."

Mkwaju bado upo. Mume wangu akawasha gari, tukasogea.