Pale Mabati Yanapokutana na Vigae

Tone la kwanza liliniangukia shingoni saa nane usiku, Aprili 2024, ile mvua iliyofurisha Nairobi nzima. Nikasogea. La pili likanifuata. Nikaleta sufuria, nikaiweka kwenye mto, nikalala nimejikunja upande wa miguu. Ukizaliwa Kaloleni hiyo si habari. Habari ni kwamba chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati la Mama, na mimi sikulikumbuka hadi asubuhi.

Kama hujafika kwetu, wacha nikueleze. Nyumba za Kaloleni zilijengwa miaka ya 1940, enzi za mkoloni, kuta za mawe na vigae vyekundu juu. Ni ngumu, hizo kuta. Shida ni kwamba vyumba havizai, na watu huzaa. Kwa hivyo kila familia imejiongezea yake: nguzo za mbao, mabati, mlango ulionunuliwa ukiwa umetumika. Hiyo ndiyo ekstensheni. Kule Dandora, miaka ya 1970, mradi wa Benki ya Dunia uliwapa watu viwanja vyenye choo na maji, wakaambiwa wajimalizie vyumba vilivyobaki. Sisi hakuna aliyetuambia. Tulijiambia. Nyumba ni ya kaunti, sisi ni wapangaji. Ekstensheni ni yetu, ila udongo ulio chini yake si wetu.

Yetu aliijenga Baba mwaka niliozaliwa. Hakuwa fundi, alikuwa karani. Kila mwaka kabla ya mvua ndefu alikoroga saruji kwenye karai, akaziba ule ufa ulio kati ya ukuta wa mawe na chumba cha mabati. Kila mwaka ufa ukarudi. Alipofariki, 2017, nikairithi kazi hiyo vilevile: saruji, karai na maombi.

Sasa hilo sanduku. Ndani yake Mama aliweka stakabadhi za kodi, zote, zingine za miaka ya themanini, zote kwa jina la Baba. Siku hizi mtaani hakupiti wiki bila mtu kusema tutabomolewa kupisha maghorofa, na si porojo tupu: nyumba za zamani za Pangani zilienda hivyo hivyo. Siku ikifika, utaulizwa wewe ni nani hapa. Jibu la Mama lilikuwa kwenye hilo sanduku, na lilikuwa limegeuka uji.

Tulizianika kwenye kamba, kwa vibanio, kama soksi. Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kumbuka, chumba hicho kilikuwa na mpangaji, elfu nne na mia tano kila mwezi. Januari nilipopoteza kazi na kuhama kutoka Umoja na godoro langu, Mama alimwomba mpangaji atoke. Nami hata sanduku tu nilishindwa kulichunga.

Nilienda Kamukunji kwa wafua vyuma, nikapata mzee mmoja aliyekubali kuja Jumapili. Nilidhani atapanda juu moja kwa moja. Wapi! Aliketi kwenye kibao, akaomba ndoo tatu za maji.

"Kijana, maji yanadondokea wapi?"

Nikamwonyesha, juu ya mto.

"Basi hapo ndipo hayaingilii."

Akaniweka kwenye ngazi nimwage maji kidogo kidogo, nikianzia chini kwenye ukingo wa paa, kisha nipande hatua moja, nisubiri, nimwage tena. Yeye alikuwa ndani na tochi. Ukianzia juu, alisema, kila kitu kitalowa na hutajua mkosaji ni nani. Ndoo ya tatu ndiyo ilifichua. Maji yaliingilia pale mabati yanapokutana na vigae, yakatambaa juu ya mbao karibu mita mbili, ndipo yakaangukia shingo yangu. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa nikipaka lami juu ya kitanda.

La pili lilikuwa misumari. Baba aliipigilia kwenye bonde la bati, pale maji yanapopita. Msumari hukaa mgongoni mwa wimbi, na mpira wake chini ya kofia. Na hata ukiwekwa vizuri, jua hulitanua bati na baridi hulirudisha, msumari ukalegea polepole. Kagua kabla ya Machi na kabla ya Oktoba. Gata nayo, toa majani.

La tatu ndilo lililoninyamazisha. Alipanguasa saruji ya Baba kwa patasi, tabaka juu ya tabaka, kama miaka kwenye kisiki.

"Hii nyumba ya mawe imeshatulia," akasema. "Hii yenu iko juu ya udongo mweusi. Mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unanywea. Inatembea. Ukiifunga kwa saruji, lazima ipasuke."

Akakunja bati laini. Upande mmoja akaupenyeza chini ya vigae, upande wa pili ukalala juu ya mabati bila kufungwa. Kwenye ufa akaweka ukanda wa tyubu kuukuu ya gari, ukapigiliwa kwenye mbao tu. Upande wa mawe ukaachwa uguse, usishikwe. Kila kitu kilinigharimu shilingi 3,800, nyingi zikiwa za kukopa kwenye simu.

Mei mvua ikarudi. Sikulala. Saa tisa mlango ukafunguka, Mama na tochi. Akamulika dari, mbao, mto, kisha mimi. "Lala," akasema, akaondoka.

Stakabadhi nyingi zilipona, zingine husomi ila jina. Sanduku sasa liko kwa mawe, juu ya kabati.

Juni nilipata kibarua, nikampa Mama elfu mbili. Hakusema asante. Alichana karatasi ya daftari, akaandika tarehe, kiasi na jina langu, akatia sahihi. Nilidhani ananipa. Akaikunja, akapanda kwenye stuli, akaiweka kwenye sanduku pamoja na za Baba.