Penang, Kisiwa cha Popoo

Mara ya kwanza nilifika Penang, Malaysia, mwaka 2009, kwa kivuko kutoka Butterworth, ng'ambo ya pili bara, nimejibana ukingoni katikati ya magari na pikipiki. Mji wa George Town ulikuwa unasogea taratibu mbele yetu, mapaa ya vigae chini, minara juu, na upepo wa chumvi usoni. Mimi ni mtoto wa Unguja. Mji wa kale unaochomoza baharini ni picha niliyokua nayo, na siku ile moyo ulitulia kama niliyerudi kwetu.

Miaka 14 baadaye nimerudi kweli. Vivuko vya zamani vya kupakia magari vimestaafu, lakini njia ni ile ile na bahari ni ile ile.

Jina lenyewe lilinipokea. Pinang kwa Kimalay ni popoo, hii hii ambayo bibi zetu huila kwa tambuu. Sokoni nilikuta doriani na shokishoki, na sharubati ya kungumanga iliyokamuliwa kutoka kwenye nyama ya tunda, kali kidogo, tamu kidogo. Muuzaji aliniuliza, "Apa khabar?" Nani wa pwani asielewe kwamba anaulizwa habari? Karatasi kwao ni kertas, na dunia ni dunia. Pepo za msimu zilizoleta majahazi kwetu ziliwapelekea na wao wafanyabiashara, dini na maneno ya Kiarabu.

Mtaa ninaoupenda kuliko yote ni Jalan Masjid Kapitan Keling. Kwa mwendo wa dakika chache unapita kanisa la Mtakatifu George la mwaka 1818, hekalu la Wachina la Kuan Yin, hekalu la Wahindu la Sri Mahamariamman, kisha unafika msikiti ulioanzishwa na Waislamu wa Kihindi mwaka 1801. Jioni moja nilisimama kwenye hekalu la Wachina kutazama watu wakichomeka vijiti vya udi, mpaka adhana ya magharibi ikaniita. Niliswali nguo zikinukia moshi ule, wala hakuna aliyenigeuzia uso.

Halafu kuna chakula. Nasi kandar ni wali wa Waislamu wa Kitamil, na kandar ni mzega: zamani wachuuzi walibeba wali upande mmoja na mchuzi upande wa pili, wakizunguka mitaani. Wauzaji wake huitwa mamak, neno la Kitamil la mjomba. Mjomba wangu wa Penang hutia wali sahanini, huweka kipande cha kuku na bamia, kisha huchota mchuzi wa samaki, wa kuku na wa nyama, akiumwaga mmoja juu ya mwingine. Ukitaka wali uzame, unasema "banjir", yaani mafuriko. Mimi husema banjir kila mara.

George Town na Melaka ziliingia pamoja kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mji Mkongwe wetu ulitangulia mwaka 2000. Sifa hiyo ina gharama yake. Kwenye gati la ukoo wa Chew, ambako nyumba za mbao zimesimama juu ya nguzo ndani ya maji, safari hii nilikuta barazani maduka ya fulana na kumbukumbu za watalii. Lakini hatua chache mbele, mbao zikilia chini ya miguu, niliona viatu vya watoto vimepangwa mlangoni na nguo zikianikwa. Watu bado wanakaa. Hilo ndilo linalonirudisha Penang, na ndilo ninalotuombea sisi wa Mji Mkongwe: nyumba za kale zisibaki hoteli tupu, ziwe na viatu vya watoto mlangoni.

Ukipata nafasi, nenda. Kutoka Kuala Lumpur panda treni hadi Butterworth, kisha uvuke kwa kivuko, si kwa daraja, ili mji ukujie kutoka baharini. Ufike na njaa, na ukiulizwa "Apa khabar?", jibu "Khabar baik": habari njema.