Masweta ya Kufumua

Sweta la kufumua halichaguliwi kama sweta la kuvaa. Anayetaka la kuvaa hulipima kifuani, akatazama kola na kwapa, akauliza bei. Sisi tulilipindua kwanza, ndani nje, tukatafuta mshono wa ubavuni. Ukikuta ubavu umepigwa ovaloki, liache hapohapo. Maana yake kitambaa kilifumwa kwanza kikakatwa kwa mkasi, na ukikifumua utapata vipande vya uzi visivyofaa hata kufungia mchicha. Ukikuta vipande vya mbele na nyuma vimeungwa kwa uzi unaopita jicho kwa jicho, hiyo ni mali. Fungua mshono, tafuta mwisho wa uzi begani, vuta, na kipande kizima kitakuja chenyewe mstari kwa mstari mpaka pindo la chini.

Hayo nilifundishwa na mama, Moshi, miaka ya 1980 ikielekea mwisho. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kazi za mikono alizifanya jioni baada ya kusahihisha madaftari. Lakini kabla ya masweta kulikuwa na wakati mgumu zaidi, wakati mikono ilikuwepo na kitu cha kuishughulisha hakipo. Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979, na sisi tuliokuwa ndiyo kwanza tunaanza kupata akili tulikuta maduka yana rafu, kaunta na muuzaji, basi. Ikisikika kwamba jora la kiwanda cha Urafiki au cha Mwatex limefika RTC, duka la kampuni ya biashara ya mkoa, foleni ilianza kabla jogoo hajawika. Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipopamba moto, hata kuwa na khanga nyingi sandukuni kulimtia mtu wasiwasi. Vitenge vilivyovuka kutoka Taveta kwa njia za panya vilisafiri chini ya mikungu ya ndizi.

Mama alishonea mifuko ya unga. Ilikuwa ya pamba, imara, na kila mmoja ulikuwa na maandishi makubwa ya bluu au nyekundu. Aliichemsha kwa magadi, akaianika juani, akairudia tena jikoni. Herufi zilififia, hazikuisha. Hapo ndipo kudarizi kulipokuwa na kazi ya kweli: ua lilipandwa mahali ambapo wino uligoma kutoka. Ndiyo maana foronya zetu zilikuwa na maua ya ajabu, mawili pembeni na moja karibu na katikati, pasipo mpangilio ambao mtu angeuchora kwa hiari yake. Mgeni aliyelaza kichwa juu ya maneno “Lala Salama” yaliyotiwa nyuzi nyekundu hakujua kwamba chini yake kulikuwa na uzito wa unga na jina la kinu. Na asingepaswa kujua. Kwa mama, kazi nzuri ilikuwa ile ambayo haimwambii mtu ilikotoka.

Mlango ulifunguka kidogokidogo. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na Rais Mwinyi aliyeingia Novemba 1985 akaongeza ruhusa hadi watu wakambandika jina la Mzee Ruksa. Nguo za mitumba tulikuwa tumeziona kabla ya hapo, zikigawiwa na misheni kwa wajane na wagonjwa. Sasa zikawa biashara. Siku za soko, Kiboriloni, wafanyabiashara walitandika maturubai chini, wakamwaga marobota, wakapanda juu ya lundo na kuanza kupiga kelele za bei. Robota la kawaida lilikuwa la kilo 45, limebanwa kwa mashine na kufungwa mikanda kiasi kwamba likifunguliwa hujitanua kama unga uliotiwa hamira.

Mwanzoni kulikuwa na aibu. Watu waliziita kafa Ulaya, wakazichemsha kwa dawa, na ukimsifia mtu gauni lake alijibu kwamba kaletewa na ndugu kutoka Nairobi. Aibu hiyo haikudumu. Moshi kuna baridi mwezi wa sita na wa saba, na aibu haimfuniki mtu usiku.

Siku hizi watu wanaelewa vizuri zaidi nguo hizo zilitoka wapi. Huko Uingereza na Marekani kuna maduka ya hisani: Oxfam walifungua lao katika mtaa wa Broad Street mjini Oxford miaka ya 1940, na Goodwill ya Marekani ilianzia Boston mwaka 1902. Watu hupeleka vitu walivyovichoka, na wengine huingia kutafuta kitu cha zamani, sahani ya bibi au koti la mtindo uliopitwa, na wakikipata hufurahi kama waliookota. Sehemu kubwa ya nguo zisizonunuliwa huuzwa kwa uzito kwa wafanyabiashara, hupangwa kwa madaraja, hukandamizwa, husafirishwa. Kwa hiyo yule mama wa Uingereza anayechakura rafuni na mama yangu aliyechutama Kiboriloni walikuwa wakichagua katika lundo moja, mmoja mwanzoni na mwingine mwishoni. Tofauti ni kwamba yule alitafuta nguo, na mama alitafuta uzi.

Kazi ya kufumua ilikuwa ya watoto. Mmoja alivuta, mwingine alizungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, na aliyekata uzi kwa haraka zake alisikia jina lake lote likiitwa. Uzi uliofumuliwa huwa na mikunjo, unakumbuka umbo la macho ulikokaa miaka yote. Ukiufuma hivyohivyo, kazi inatoka na matuta. Mama alifunga kila shada kwa kamba sehemu nne, likalegea bila kuvurugika, akalitia katika maji ya moto, akalitundika kwenye waya na jiwe chini yake. Kesho yake lilikuwa limenyooka. Kabla ya hapo alikata kipande kidogo akakiunguza kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika vidoleni, ilhali uzi wa kiwandani wa plastiki huyeyuka ukawa punje ngumu nyeusi. Sufu ilikwenda kwenye kofia na masweta ya watoto wachanga. Ule mwingine, unaovumilia kufuliwa na kusuguliwa, ulikwenda kwenye vitambaa vya makochi.

Kuhusu vitambaa vya makochi ningeweza kuandika kitabu. Kila sebule ya mjini ilikuwa navyo: kimoja kikubwa mgongoni, viwili vya mikono, kingine juu ya meza, kingine juu ya redio, na televisheni zilipokuja, kimoja cha pembe tatu kikininginia mbele ya kioo chake. Jokofu nalo lilivalishwa. Desemba ndiyo ilikuwa balaa. Wachagga wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, na hakuna mke wa nyumba aliyetaka wifi zake wakute vitambaa vya mwaka jana. Maagizo yalianza kuingia mwezi wa tisa. Mama alifuma kwenye kikao cha walimu, kwenye basi, akisubiri ugali uive. Sindano zake za kwanza zilikuwa spoku za baiskeli zilizochongwa ncha kwenye jiwe. Alizitumia hata baada ya kununua za dukani, akidai za dukani zinateleza.

Shangazi yangu alikuwa na njia yake. Alishona barazani kwa cherehani ya Butterfly ya kukanyaga, na mitumba kwake ilikuwa darasa. Alinunua koti la kiume lililochanika mgongoni, ambalo hakuna aliyelitaka, akalifungua mshono mmoja baada ya mwingine kwa wembe. Ndani aliona jinsi kola inavyowekewa kitambaa kigumu ili isimame, jinsi kichwa cha mkono kinavyokunjwa vikunjo vidogo ili bega likae, jinsi mfuko wa ndani unavyofichwa. Vipande alivitandaza juu ya gazeti, akachora kuvizunguka, akapata vigezo vya kukatia. Suti alizoshonea maharusi baadaye zilikatwa kwa vigezo vya makoti ya watu wa nchi za baridi, vimepunguzwa urefu. Vifungo vyote viliingia kwenye kopo la Blue Band, na sisi tuliruhusiwa kuvichezea kama hatukuvitia mdomoni.

Nasikia mara kwa mara kwamba mitumba iliua kazi za mikono. Kwamba ilivibana viwanda vyetu vya nguo sibishi, ingawa viwanda hivyo vilikuwa vimeanza kuumwa kwa kukosa vipuri, umeme na fedha kabla marobota hayajafika. Lakini kiwanda ni kitu kimoja na baraza la shangazi ni kingine. Kwetu mitumba ilileta kile tulichokosa, yaani kitu cha kukata, kufungua na kuharibu bila uchungu. Hakuna anayejifunza kukata kwa kitambaa alichokipangia foleni tangu usiku.

Viongozi wa Afrika Mashariki walipokubaliana mwaka 2016 kuiondoa mitumba ifikapo 2019, soko la Memorial, ambako biashara ya Moshi ilikuwa imeshahamia, lilijaa minong’ono. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za ushuru chini ya mpango wa AGOA, nchi zikalegeza kamba moja baada ya nyingine, na Rwanda iliyokaza ikanyimwa nafuu hiyo kwa nguo zake mwaka 2018. Marobota yakaendelea kuja.

Kilichobadilika ni kilichomo ndani yake. Sijui ni mwaka gani hasa mama alianza kurudi sokoni mikono mitupu. Masweta yalikuwepo tele, lakini karibu yote yalikuwa ya ovaloki, mepesi, ya uzi unaotoa vipele kabla hata ya kuchoka. Nguo zilizoshonwa kwa bei ya kutupa hufika kwetu zikiwa tayari zimechoka, na hazifunguki. Ukifungua mshono, kitambaa chenyewe kinachanika. Shangazi naye alilalamikia makoti: kola zimebandikwa kwa gundi, ukizipiga pasi kwa moto mkali zinavimba.

Sebule nazo zikabadilika. Makochi ya ngozi ya bandia hayashiki kitambaa, kinateleza kikaangukia sakafuni. Nafasi ya vilivyobaki ilichukuliwa na lesi za China, zinazouzwa seti nzima kwa bei ambayo isingelipa hata uzi. Na televisheni zikawa bapa. Hilo lilimuudhi mama kuliko yote. “Sasa hapa mtu anatandika nini?” aliuliza, akiitazama ya kwetu ilivyobandikwa ukutani.

Binti wa dada yangu, anayeishi Arusha, ndiye aliyerudi na mkasi. Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, watu walihangaika kwa wiki kadhaa. Vikapu vya ukindu vikashuka kutoka darini, na mafundi wakashona mifuko ya kila aina. Yeye alianza kununua suruali za jinzi zilizotoboka magoti. Sehemu ya juu, yenye mifuko na zipu, inakuwa begi. Miguu inakatwa vipande vya mkanda. Jinzi ya zamani ni nguo ambayo bado inastahili kufunguliwa: kitambaa kizito, mshono wa uzi mara mbili, riveti za shaba. Aliniambia, “Mama mdogo, siku hizi nazipima kwa mkono, sitazami hata rangi. Nyepesi naziacha.” Nikajua damu haipotei.

Ila yeye hafichi. Mabegi yake anayaacha na lebo ya kiuno, na alama iliyopauka pale ambapo mtu fulani, nchi fulani, alizoea kuweka pochi yake. Goti lililochanika anatia kiraka cha kitenge chenye rangi kali, kwa makusudi, akakizungushia uzi mweupe unaoonekana toka mbali. Picha anazirusha kwenye simu na maelezo kwamba hii ilikuwa suruali ya mtumba. Mabegi yanauzwa katika duka moja la huko Arusha. Wateja wengine ni watalii wanaopita Arusha kwenda mbugani, wengine ni vijana wa mjini, na wote wanalipia hadithi hiyo. Kwangu mimi kiraka kile kinapiga kelele mno. Nimekulia nyumba ambayo ua lilikuwa na kazi ya kufunika, na sijazoea kuona kazi ya mkono ikionyesha tundu kwa kidole.

Alipomletea bibi yake begi, mama alivaa miwani, akakagua pindo, akavuta mkanda kwa nguvu zake zote. Mishono aliipitisha. Lebo aliigusa kwa ukucha.

“Hii umesahau kuitoa.”

“Hapana Bibi, wanaitaka hivyohivyo.”

Mama aliuliza bei. Alipotajiwa, alivua miwani akauliza kama hilo duka la Arusha linapokea na vitambaa vya makochi. Linapokea, kumbe. Watalii huvitundika ukutani kama picha. Sasa wamekwama kwenye rangi: duka linataka vyeupe vitupu, viende na ukuta wowote, na mama amekataa katakata. Ana mashada ya uzi wa kijani, wa zambarau na wa machungwa aliyoyanyoosha mwenyewe, na kitambaa cheupe kitupu, anasema, ni cha jeneza. Mjukuu wake ameomba nimsemeze. Nimekataa nami.